Nyumba ya Boriti na Wajibu wa Mrithi

Katika lugha yetu neno nyumba lina mzigo mkubwa kuliko kuta na paa. Tunaposema kwamba fulani amejenga nyumba, huenda tukawa na maana ya jengo. Lakini tunaposema kwamba nyumba ya fulani imevunjika, tuna maana ya ndoa, watoto na jamaa waliotawanyika. Watu wakisema, “Sisi ni nyumba moja,” hawataji mawe, wanataja ukoo. Kwa hiyo swali nitakalolijadili katika insha hii, ingawa litaanzia kwenye miti na chokaa, hatimaye ni swali la watu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyerithi nyumba kuukuu ana wajibu gani kwayo? Je, ni haki aibomoe na kujenga mpya? Na akiitengeneza kwa kubadilisha kipande baada ya kipande, je, atakachobaki nacho ni ile nyumba aliyoachiwa, au ni nyingine iliyopewa jina lake?

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa tuielewe nyumba ninayoikusudia. Nyumba za mawe za mwambao wetu, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, zimejengwa kwa vitu vitatu ambavyo asili yake ni bahari na fukwe zake: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene, mara nyingi nusu mita au zaidi. Juu ya kuta hizo hupangwa boriti, moja karibu na nyingine, ncha zake zikizama ukutani pande zote mbili. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, na juu ya vipande hivyo humwagwa mchanganyiko wa chokaa, kokoto na udongo, ukapondwa kwa siku nyingi mpaka ukashikamana. Hiyo ndiyo sakafu; na sakafu ya chumba cha juu ndiyo dari ya chumba cha chini.

Chokaa nayo ina maajabu yake, na mwalimu wa kemia anaweza kuyaeleza darasani kwa dakika chache. Matumbawe huchomwa katika tanuu la magogo mpaka hewa ya ukaa iliyomo ikatoka. Jiwe lililochomwa likitiwa maji huchemka, likavunjika na kuwa chokaa laini. Chokaa hiyo ikishatiwa ukutani huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, pole pole, kwa miezi na miaka, ikarudi kuwa jiwe. Wazee wetu hawakuwa na majina ya kemikali hizo, lakini walijua kwamba chokaa haitaki haraka, na kwamba ukuta wa chokaa hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi.

Boriti ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Wakataji wa mikoko walikuwa na jina kwa kila unene wa mti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Lakini mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba sakafu nzito haupatikani kwa urefu wowote aupendao mjenzi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, na upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Tajiri aliyetaka fahari aliweza kukirefusha chumba chake, akaongeza zidaka ukutani na nakshi mlangoni, kukipanua hakuweza. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji hadi Oman na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti, na huko nako upana wa chumba ukafuata urefu wa mti wa kwetu.

Sasa, msomaji, nitakusimulia kisa cha nyumba moja, maana fikra isiyoegemea jambo lililotokea huelea hewani. Nyumba hiyo iko Mji Mkongwe, na kwa ushahidi wa nakshi na umbo lake ilijengwa katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za mji huo, na watu wa kawaida wakapewa kuishi humo. Marehemu baba yetu, mtoto wa mkulima, alikuwa mmoja wao. Baadaye nyumba ikawa yake kwa karatasi. Alipofariki tuliirithi sisi watoto wake pamoja na shangazi yetu, ambaye amekaa humo tangu ujana wake.

Masika moja sakafu ya chumba cha juu ilianza kubonyea. Tulimwita fundi mwashi, mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake. Hakuangalia katikati ya dari, mahali tulipomwonyesha. Alipanda ngazi mpaka pale boriti zinapoingia ukutani, akatoa msumari wa inchi 4 mfukoni, akausukuma kwa kidole gumba. Msumari ulizama wote kama unaingia kwenye boga.

“Maalim,” aliniambia, “boriti haifii katikati. Hufia ukutani, mahali msipopaona.”

Alitueleza sababu. Miaka mingi iliyopita baba yetu, kwa kuipenda nyumba yake, alizipiga kuta zote lipu ya saruji ili zipendeze na zisimomonyoke. Saruji ni ngumu na haipumui kama chokaa. Maji yaliyopenya kwenye nyufa na kutoka bafuni yalikosa njia ya kutokea, yakakaa ndani ya ukuta, na ncha za boriti zikaoza gizani huku katikati zikibaki nzima. Nilihuzunika kusikia hayo. Baba hakuwa mzembe. Alijinyima ili kuinunua ile saruji. Hapo nilijifunza jambo ambalo kila mwalimu na kila kiongozi angefaa kulikumbuka: nia njema peke yake haitoshi kukihifadhi kitu. Anayekitengeneza asichokielewa huweza kukiua kwa mkono wa mapenzi.

Tulikutana kama ukoo. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana wajukuu wanaolala katika chumba cha chini, alisema bila kuficha, “Tuvunje sakafu zote, tumwage zege lenye nondo. Mimi sitakubali watoto walale chini ya miti iliyooza kwa sababu wageni wanapenda kuipiga picha.” Kisha akaongeza jambo lililotunyamazisha: “Na nani aliyeijenga nyumba hii? Bwana mwenye mashamba ya karafuu. Na nani aliyeyabeba mawe yake? Wazee wetu, kwa kamba shingoni. Kwa nini tujitoe jasho mara ya pili kuiokoa fahari ya bwana yule?”

Haya ni maneno mazito, na asiyeweza kuyajibu hana haki ya kuhubiri juu ya urithi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa kisheria haikufutwa mpaka mwaka 1897. Nyumba nyingi tunazozisifu leo zilisimamishwa katika zama hizo, kwa utajiri wa karafuu, pembe za ndovu na binadamu. Kitabu kinachozionyesha nakshi za milango bila ya kuitaja mikono iliyoponda sakafu kinasema nusu ya kweli.

Aliyejibu alikuwa shangazi. Alisema hivi: “Bibi yangu alitusimulia kwamba mama yake, alipokuwa msichana, alibeba chokaa kichwani katika mji huu, na aliponda sakafu pamoja na wenziwe wakiimba, na hakulipwa hata pesa moja. Sijui kama ilikuwa nyumba hii au ya jirani. Hana kaburi linalojulikana, wala picha. Sasa wewe mwanangu unataka kukivunja kitu pekee kilichobaki cha kazi ya mikono yake?”

Tangu siku ile nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na nimeona kwamba limepindua hoja kutoka mizizini. Sisi tulidhani kwamba nyumba ni ya yule aliyeagiza ijengwe, kwa hiyo kuitunza ni kumtukuza yeye. Shangazi aliona kwamba nyumba ni ya wale walioijenga pia. Bwana alitoa amri na mali, na mali yenyewe ilitokana na jasho la wengine. Lakini maarifa ya kuchagua mkoko uliokomaa, ya kuchonga boriti kwa tezo, ya kuchoma matumbawe na kujua siku chokaa imeiva, hayakuwa ya bwana. Yalikuwa ya wakataji, manahodha, waashi, maseremala na wanawake wenye michi mikononi, walio huru na wasio huru. Kuiachia nyumba ianguke ni kuwanyima watu hao shahidi wao wa mwisho. Na kuitengeneza huku tukificha walivyotendewa ni kumfundisha shahidi huyo kusema uongo. Mrithi hana budi kufanya yote mawili: kuishika nyumba isianguke, na kuisimulia kama ilivyokuwa.

Hata hivyo nisieleweke kwamba hoja ya kwanza ya kaka yangu haikuwa na uzito. Uhai wa mtu unatangulia uzee wa jengo. Mnamo tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa fahari ya mji mzima, na Mji Mkongwe wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lakini orodha haizuii mvua kupenya. Methali yetu inasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza kwamba pengine asiyeziba ufa hatapata nafasi ya kuujenga huo ukuta. Kumwambia maskini aishi chini ya dari mbovu kwa jina la utamaduni ni ukatili. Jamii inayotaka nyumba hizi zibaki lazima ikubali kwamba gharama yake haiwezi kuwa ya mpangaji peke yake.

Basi tulimwuliza fundi juu ya zege. Hakulitukana. Alisema kwamba zege ni zuri katika nyumba iliyokusudiwa zege. “Lakini ukuta huu ni wa chokaa,” alisema. “Hujikunjua na kujikaza. Zege halijui kulegea. Mtauwekea ukuta mzigo mzito na mgumu ambao hakuuzoea, na chumvi iliyomo ukutani itazila nondo. Watoto watakuwa salama kwa muda. Wajukuu wao sijui.” Kisha akazihesabu boriti za chumba kile: zilikuwa 24. Zilizooza zilikuwa 9. Nyingine 15, baada ya miaka zaidi ya mia, zilikuwa nzima, zikilia chini ya nyundo kama chuma.

Tulikubaliana kuzibadilisha zile 9. Hapo likazuka swali jingine ambalo sikulitarajia, la mikoko yenyewe. Zamani mtu alikwenda tu kununua bandarini. Leo tunajua kwamba mikoko ni mazalio ya samaki na kamba, na kwamba huushika udongo wa pwani usichukuliwe na mawimbi. Ndiyo maana Kenya iliwahi kupiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na ndiyo maana ukataji wa mikoko kwetu unahitaji kibali. Je, ni uadilifu kuuhifadhi urithi wa mawe kwa kuumaliza urithi wa msitu? Nyumba na msitu vilizaliwa pamoja, na mjenzi anayeuharibu msitu anawaharibia hata warithi wake uwezo wa kuitengeneza nyumba hiyo hiyo. Fundi alipata boriti 6 kwa kibali. Tatu zilizobaki alizitoa katika vifusi vya nyumba nyingine iliyoanguka, akakata sehemu zilizooza na kuzitumia mahali ambapo chumba ni chembamba zaidi. Kwa hiyo nyumba yetu sasa imebeba mwilini viungo vya jirani yake aliyekufa.

Kazi ilichukua miezi. Sakafu iliegemezwa kwa nguzo, lipu ya saruji ikabanduliwa, na boriti zikatolewa moja moja. Kila boriti mpya ilipimwa kwa kulinganishwa na ile ya kale iliyo kando yake. Hili ndilo lililonisaidia kulijibu lile swali la mwanzo, kama nyumba iliyobadilishwa viungo ni ile ile au siyo.

Fikiri juu ya ngoma ya kijiji. Ngozi yake hupasuka, ikawambwa nyingine. Baada ya miaka mingi hata mzinga huoza, ukachongwa mwingine kwa kuufuatisha ule. Wanakijiji hawasemi kwamba ngoma yao imekufa, maana mapigo ni yale yale na wajukuu wa wapigaji ndio wanaoipiga. Lakini siku ngozi, mzinga na mapigo vikisahauliwa kwa pamoja, na mtu akaja kuchonga ngoma mpya kwa kutazama picha, hapo tutakuwa na mfano wa ngoma. Lugha yetu ni hivyo hivyo: imepokea maneno mengi na kuyaacha mengi, na ingali Kiswahili, kwa sababu kila kizazi kilijifunza kwa kizazi kilichokuwa bado kinasema. Kitu hubaki kile kile ikiwa kipya kinapokelewa na cha kale kilichopo, kikafundishwa nacho mahali pake. Zile boriti 15 ziliwafundisha wageni 9 unene, nafasi na mwinamo. Miaka 60 ijayo huenda zile 15 zikachoka, na hizi 9 ndizo zitakazokuwa wazee wa kupimia. Mnyororo huo ukikatika mara moja, hakuna fedha itakayoweza kuuunga.

Ukipita katika magofu ya Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa Kisiwani, utaona kutani mashimo yaliyopangwa kwa mstari. Humo ndimo ziliposhika boriti. Kuta zimestahimili karne nyingi. Miti imetoweka, sakafu zimeanguka, na hakuna alaye wala alalaye humo. Magofu hayo pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, nayo yanastahili heshima yote. Lakini twajifunza kwayo kwamba nyumba haifi siku ukuta unapoanguka. Hufa siku anapokosekana mtu wa kubadilisha boriti.

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa ya siku zetu. Wako wanaobomoa kila kitu cha ndani, wakamwaga zege, kisha wakaurudisha mlango wa nakshi mbele ili mgeni aone ukale. Wazee walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango. Taifa nalo laweza kufanya hivyo hivyo na utamaduni wake: likawavalisha watoto kaniki siku ya kumpokea mgeni, likapiga ngoma uwanjani, na siku zilizobaki likaona aibu kwa kila kilicho chake. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Na cha kale kilichopakwa rangi kwa ajili ya mgeni si afadhali ya kipya, kwa kuwa kinawaongopea hata wenyewe.

Fundi wetu hakufanya hivyo. Kazi ilipokwisha, kaka yangu, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuwa mshabiki wa boriti kuliko sisi sote, alitaka zile mpya zipakwe rangi nyeusi zifanane na za kale. Mzee alikataa kwa adabu. “Zitakuwa nyeusi zenyewe kwa wakati wake,” alisema. “Sasa acha zijulikane kuwa ni ngeni. Atakayekuja kutengeneza baada yangu apate kujua niligusa wapi.” Na kweli, ukiingia chumba kile leo utazihesabu bila ya taabu: 15 nyeusi, 9 za rangi ya udongo. Kaka huwaonyesha wajukuu wake. Shangazi huwaeleza habari za yule msichana aliyebeba chokaa.

Kwa hiyo wajibu wa mrithi, kama ninavyouona, una sehemu tatu. Kwanza, akielewe alichoachiwa kabla ya kukigusa, asije akakiua kwa mapenzi. Pili, akitengeneze kwa wakati, kwa ufundi uliokizaa, bila ya kuwahatarisha walio hai wala kuumaliza msitu wa watakaozaliwa. Tatu, aseme kweli: kweli ya waliojenga na namna walivyotendewa, na kweli ya mahali alipotia mkono wake mwenyewe.

Nawaomba walimu, hasa wale wa shule za mwambao, wasiliache somo hili vitabuni. Wapelekeni wanafunzi mahali mwashi mzee anapofanya kazi. Waacheni waishike chokaa mbichi na ile iliyokwisha kuwa jiwe, wapime upana wa chumba kwa hatua zao, wamwulize mzee jina la kila mti. Na mmoja wao akiuliza kama anaweza kubaki hapo kujifunza kazi hiyo, msimwambie kwamba amesoma mno kwa kazi ya mikono. Fundi wetu ana umri wa miaka zaidi ya 70, na alipokuwa akizipandisha boriti zile hakuwa na mwanafunzi hata mmoja wa kumshikia ngazi.